Mahali Alipolala

Marafiki msomao ubao wa matangazo wa hoteli hii, leo wimbo wangu umepigwa sokoni Arua, na watu wameucheza.

Sikuuandika ili uchezwe.

Shemeji yangu alichukuliwa na askari nyumbani kwake Koboko wakati wa vita, na hadi leo dada yangu Zaitun hajaonyeshwa kaburi. Barua zangu kwa wakubwa hazikujibiwa. Kwa sababu hiyo nilimpa mwimbaji Yasini wimbo wenye kibwagizo kifuatacho, autie katika albamu yake ya rege:

"Mheshimiwa, tuonyeshe mahali alipolala."

Asubuhi hii Zaitun alikuja kutoka Koboko kuusikiliza. Alivaa nguo yake ya Idi.

Muuza kaseti akafungulia sauti.

"Mpenzi, nionyeshe mahali unapolala."

Nilidhani nimesikia vibaya (masikio yangu nayo yamezeeka). Kibwagizo kikarudiwa. Vijana wakapiga miluzi.

Yasini mwenyewe alikuwapo. Nilimuuliza, kwa adabu, ni nani aliyemruhusu kusahihisha kauli yangu.

"Mzee, ile ya kaburi iko nzito! Redio ya Kampala hawezi piga. Hii sasa, kila mutu nacheza!"

Zaitun akamsogelea, akapaza sauti juu ya muziki:

"Na bwana yangu, iko nalala wapi?"

Watu wakamshangilia. Walidhani naye anaimba.

Kalamu inaning'inia hapa kando. Mliokuwapo mkacheka, tafadhali andikeni chini ya maneno haya mlichokuwa mkikicheka.