Kabari Nyuma ya Tairi

Kazini walimbandika jina la Bi Mizigo, naye akalipokea kwa mikono miwili, maana kupunguza mizigo ndiyo ilikuwa kazi yake. Alikuwa mmoja wa watu wachache wanaotunza kiunzi fulani cha JavaScript, yaani ile mifupa ambayo watengenezaji wa tovuti huichukua ikiwa tayari, kisha kila mmoja akaivalisha nyama zake. Upande wake ulikuwa ufungashaji. Tovuti moja huandikwa kwa faili nyingi ndogondogo, na faili hizo hutegemea vifurushi vya watu wengine, navyo vifurushi hutegemea vingine, mpaka unajikuta umemwalika mgeni mmoja kaja na ukoo mzima. Bi Mizigo ndiye aliyesimama mlangoni. Wewe umekuja na nani? Humu ndani nani anakuita? Asiye na jibu, nje.

Na mdomo alikuwa nao! Wenzake walikuwa wametawanyika nchi mbalimbali, hata hawajawahi kuonana naye ana kwa ana, lakini wote walimwogopa. Ukileta kifurushi kizima kwa ajili ya kupanga herufi tu, atakuuliza kama nyumbani kwenu mnachemsha yai kwenye pipa.

Kiti alichokalia kufanya kazi hiyo kilikuwa kimefunikwa kitambaa na Shangazi yake, dada wa baba, naye ndiye aliyemlea tangu akiwa msichana mdogo. Shangazi alikuwa fundi wa kufunika viti na makochi. Sebule yake ilikuwa karakana: sponji huku, vitambaa kule, na mkasi mkubwa ambao ole wake anayeutumia kukatia karatasi. Mumewe alikuwa amefariki, akamwachia pikapu kuukuu uani, na Shangazi hakujua kuendesha. Kila akimaliza kochi ilimbidi amkodi dereva, na madereva wale, we acha tu. Wakisema asubuhi, ujue ni jioni.

"Nimechoka kubembelezana na watu," alisema siku moja. "Nachukua leseni."

Watu walicheka. Shemeji yake, mdogo wa marehemu, alicheka kuliko wote, maana pikapu ile alikuwa anaitamani waziwazi. Kila akija alikuwa akiizunguka na kuigongagonga bodi kama mtu anayechagua tikiti maji. Shangazi akaenda kufanya mtihani wa alama za barabarani, akafeli. Basi akaapa mbele ya shemeji: nitarudia mara moja tu, nikifeli tena, pikapu chukua wewe.

Mwalimu wake wa udereva alimwelekeza kwenye tovuti ya shule yao, kuna maswali ya kufanyia mazoezi. Shida ikawa simu. Simu ya Shangazi ilikuwa ya zamani hasa, kioo kimepasuka, mgongo umefungwa kwa mpira. Ukimwambia abadilishe atakuuliza kwani inakudai nini.

"Haifunguki, mwanangu," alimlalamikia Bi Mizigo. "Kale kaduara kanazunguka tu, na mimi nazunguka nako."

Bi Mizigo akaichungulia tovuti ile, na aibu ikamshika. Ilikuwa imejengwa kwa kiunzi chao! Kifurushi kimoja cha kuhesabu tarehe kilikuwa kimebebwa mara tatu, matoleo tofauti ya kitu kilekile, kwa sababu kila mgeni alikuja na cha kwake. Loo, alifoka peke yake chumbani mpaka jirani akagonga ukuta.

Akaingia kazini. Matoleo matatu akayafanya moja. Alipofika mwisho akakuta faili moja kongwe ambayo hakuna faili nyingine iliyoiita hata mara moja. Imekaa tu. Akaandika kwamba asiyeitwa aachwe, mashine ya kufungasha ikaitupa. Majaribio yote yakapita, wenzake wakampongeza, toleo jipya likatoka, na fundi wa tovuti ya shule ya udereva akalipokea kwa furaha.

Asubuhi ya mapumziko akaenda kwa Shangazi kifua mbele. Ukurasa ukafunguka papo hapo. Shangazi akapiga kigelegele, akasoma swali la kwanza, akabonyeza jibu.

Kimya.

Akabonyeza tena. Akabonyeza kwa dole gumba, kwa nguvu, kama anapigilia msumari wa kochi.

"Mimi nimejibu," alisema. "Mbona yenyewe haijibu?"

Bi Mizigo akajaribu kwenye simu yake mwenyewe: inafanya kazi. Akarudi kwenye ile ya Shangazi: kitufe kimekufa. Akageuza, akazima, akawasha, wapi! Na mtihani ni wiki hiyohiyo.

"Basi, mwanangu, usijali," Shangazi alisema taratibu. "Umejitahidi. Pengine hiyo pikapu haikuwa riziki yangu."

Bora angemgombeza. Maneno yale yalimchoma Bi Mizigo, akashindwa kukaa pale. Akasema anakwenda angalau kuisafisha pikapu. Na akikasirika hasafishi kama watu wengine. Alitupa magunia yaliyochanika, akatupa makopo ya oili, akatupa kamba zilizooza. Kisha akaona nyuma ya tairi kipande cha mti kilichochongwa upande. Hiki nacho cha nini? Kimeng'ang'ania. Akakipiga teke.

Pikapu ikaondoka. Haikuwa na haraka; ilirudi nyuma polepole kwenye mteremko wa ua, kama mtu anayekwenda kusalimia jirani, ikapita kwenye kamba ya nguo, ikaondoka na shuka moja, ikaenda kujikita kwenye rundo la sponji ambazo Shangazi alikuwa amezianika. Ikatulia humo, shuka kichwani.

Shangazi akatoka mbio, mkasi mkononi.

"Nani katoa kabari?"

"Mimi, Shangazi. Nisamehe. Niliona haifanyi kazi yoyote."

"Haifanyi kazi? Ulitaka uikute inacheza? Kazi yake ni kukaa! Ikikaa hapo imeshafanya! Breki ya mkono ilikufa zamani, marehemu akaichonga hiyo kwa mikono yake, kila tukishuka anaiweka." Kisha akaiona pikapu ilivyojifunika shuka, na kicheko kikamtoka kwa nguvu mpaka akashika ukuta.

Bi Mizigo hakucheka. Alikuwa ameachama.

"Shangazi, hebu rudia."

"Nirudie nini?"

"Hilo la kukaa."

Lakini hakusubiri, alikuwa ameshakimbilia ndani kwenye kompyuta yake aliyokuja nayo. Ile faili! Hakuna aliyeiita kwa sababu haikuhitaji kuitwa. Ikishapakiwa tu, inaziba mapengo ya vivinjari vya zamani, yaani mambo ambayo simu kongwe hazikuzaliwa nayo. Simu mpya hazina mapengo, na majaribio yao yote walikuwa wakiyafanya kwenye hizo mpya. Yeye aliyejua kuuliza nani anakuita, hakuuliza ukiondoka nini kitateremka.

Akairudisha. Matoleo yale mawili ya ziada hakuyarudisha, hayo yaende zao. Juu ya faili akaandika: "Msiitoe. Haiitwi na mtu, lakini ndiyo imezuia tairi." Wenzake wakauliza tairi gani, akawasimulia bila kujificha, wakacheka kila mmoja kwa lugha yake. Tangu siku hiyo toleo halitoki mpaka lijaribiwe kwenye simu ya Shangazi, na Shangazi akaanza kuwatambia majirani kwamba ana kazi ya kompyuta.

Marekebisho yalipofika kwenye tovuti, kitufe kikafufuka. Siku zilizobaki Shangazi alishona huku akijibu maswali, na ukipita dirishani kwake ulisikia, "Kipaumbele ni cha anayetoka kulia! Nimekupata!"

Siku ya mtihani Bi Mizigo hakuandika hata mstari mmoja wa maana. Simu ilipoita aliinyakua.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Mwambie shemeji yangu akatafute tikiti maji sokoni."

Mtihani wa kuendesha barabarani nao akaupita. Alipopata leseni, fundi makenika akaitengeneza pikapu, akaweka breki ya mkono mpya kabisa. Na safari ya kwanza ya Shangazi akiwa peke yake ilikuwa kumpelekea Bi Mizigo kiti kipya. Alipiga honi kuanzia mwanzo wa mtaa. Akasimama mbele ya mlango, akavuta breki, akazima injini, akashuka. Kisha akapapasa nyuma ya siti, akatoa kabari, akainama akaisukuma nyuma ya tairi.

"Shangazi, breki si nzima sasa?"

"Nzima sana."

Akaisukuma tena kidogo kwa mguu, ikakaa sawasawa, akaiangalia. Bi Mizigo akashika upande mmoja wa kiti, Shangazi akashika wa pili, wakaingia nacho ndani.