Riwaya Mbili Zilizogombea Ua Mmoja

Vitabu vyangu hufika Bariadi kwa basi, vimefungwa kwa gazeti na kamba ya katani, na mara nyingi vinanuka dagaa waliosafiri navyo kwenye buti. Navichukua stendi asubuhi na kuvifungulia dukani kwangu, ambako nauza steshenari na kutoa kopi. Kabla mteja wa kwanza hajaingia nimeshasoma ukurasa wa kwanza wa kila kimoja. Zamani nilikuwa ripota wa redio. Kazi ile ilinizoesha kuuliza nani, wapi, lini na kwa nini, na mazoea hayo nimeyahamishia kwenye blogu yangu ya uhakiki wa riwaya. Kila kitabu nakisoma mara mbili: kwanza kwa raha yangu, kisha nikiwa na penseli. Halafu naandika kwa mpangilio uleule: hadithi, watu, mahali, lugha, mwisho. Natoa na nyota.

Mwaka huu mpangilio huo uliharibika, na aliyeuharibu ni baba.

Baba alipatwa na kiharusi wakati wa palizi ya pamba, nyumbani kwetu Kasoli. Mkono wa kulia ulilegea, mguu ukawa mzito, mdomo ukapinda kidogo upande mmoja. Maneno yake mengi yalipotea. Hilo lingemuumiza mtu yeyote, lakini baba lilimuumiza kwa namna yake, kwa sababu kwa miaka mingi alikuwa ningi, mtunzi na kiongozi wa nyimbo katika mbina, ngoma zetu za mashindano. Asiyezijua na azione angalau mara moja. Makundi mawili hucheza wakati mmoja katika uwanja mmoja, kila kundi upande wake. Hakuna jaji mwenye meza. Watazamaji wanahama kwa miguu yao, na upande uliojaa ndio ulioshinda. Nikiwa mdogo nilimwona baba akianza wimbo kwa sauti ya chini kabisa, na upande wa pili ukamwagika kuja kwetu kama beseni lililoinamishwa. Nilidhani baba yangu ana nguvu za kusogeza watu. Hadi leo sina maelezo bora ya kile nilichokiona.

Sasa mtu huyo aliyevuta watu hakutaka watu wamwone. Alijifungia chumbani. Mtaalamu wa mazoezi hospitalini alitueleza bila kuzunguka: atembee kila siku, tena atembee hasa, la sivyo mguu utakakamaa na hautarudi. Baba alisikia vizuri. Akawa anatembea kutoka kitandani hadi dirishani, basi. Uani, penye macho ya watu, hakutoka.

Jumamosi nafunga duka mapema na kwenda Kasoli. Kwa kuwa sikujua la kufanya, nikaanza kumsomea kile nilichokuwa nakisoma. Yeye kitandani, mimi kwenye kigoda, dirisha wazi. Maneno yaliyobaki yakitoka vizuri mdomoni mwake yalikuwa machache: eeh, acha, na rudi. Hayo yakawa uhakiki wake.

Nilianza na riwaya nene ya kihistoria iliyohusu wapagazi wa misafara. Dukani nilikuwa nimeipigia mstari karibu kila ukurasa. Baba alisinzia kabla msafara haujaondoka kijijini. Nilijitetea kwamba ni dawa, nikaendelea kusoma, naye akaendelea kukoroma. Katika blogu niliipunguzia nyota na sikusema sababu.

Iliyofuata ilikuwa riwaya ya mambo ya kubuni ya kisayansi. Ndani yake ziwa linarudi nyuma, kila siku linarudi, hadi wavuvi wanaamka na kukuta mitumbwi imelala kwenye tope. Wanaanza kutembea kulifuata maji, na huko mbali, mahali palipokuwa kilindi, wanakuta mlango. Mlango tu, umesimama kwenye tope, na nyuma yake taa inawaka. Sisi tuna ndugu Nassa, kando ya ziwa, na baba amekula samaki wa ziwa lile maisha yake yote. Nilipofika kwenye mlango alinyoosha mkono wake mzima.

"Rudi."

Nikarudi ukurasa mmoja.

"Rudi."

Nikarudi hadi pale maji yanapoanza kuondoka. Alifumba macho, na nilipofika tena mlangoni nikaona vidole vyake vikigonga shuka polepole, kama anabisha hodi. Nilikuwa nimekisoma kitabu kile mara mbili kwa mpangilio wangu wote, na sikuwa nimeusikia ule mlango. Mwandishi wake anaishi mji wa mbali na hatatujua kamwe. Ameketi huko na kuandika mlango, na huku Kasoli mtu aliyekataa kufungua mlango wake mwenyewe anaugonga kwa vidole. Niliporudi mjini niliketi mbele ya kompyuta muda mrefu, nisijue hilo niliweke chini ya kichwa gani: hadithi, mahali au mwisho.

Ya tatu ilikuwa ya upelelezi. Mhasibu wa hoteli anakutwa amekufa katika stoo iliyofungwa kwa ndani, na wanaoshukiwa wote wanakula meza moja. Hii ilimkamata baba barabara. Nilipochelewa kufungua kitabu alikitazama kitabu, akanitazama mimi, akakitazama tena.

Ila sikuwa nasomea chumba peke yake. Nje ya dirisha wanawake walikuwa wanachambua pamba, wakitenga safi na fifi, ile yenye doa na uchafu. Miongoni mwao alikuwa shangazi, dada yake baba, anayemuuguza, na wifi yangu, mke wa kaka. Wifi ni muuguzi wa kituo cha afya. Alipangiwa kazi huku akitokea Tanga, akaolewa, akabaki. Kwetu mkwe haingii chumba cha baba mkwe wala hamtazami usoni, na wifi aliishika heshima hiyo kuliko hata sisi tuliozaliwa nayo. Kwa hiyo malalamiko yake alinirushia mimi kupitia dirisha, kwa sauti ya kumtosha baba pia.

"Wifi, kila Jumamosi maiti! Mgonjwa anasomewa maiti? Unataka apone au unamzoesha?"

"Mwache kaka yangu na maiti wake," shangazi akasema. "Maiti hawamuulizi kwa nini hatoki nje."

"Basi msomee mapenzi."

"Nimsomee baba yangu mapenzi?" nikajibu. "Mimi, binti yake? Wakishikana mikono nifanyeje, nikohoe?"

"Uruke ukurasa."

"Wifi, riwaya zako nikiruka kurasa hizo linabaki jalada."

Nje walicheka, na ndani baba alitoa sauti ambayo nadhani ilikuwa kicheko. Lakini ni kweli kwamba riwaya za mapenzi sikuwahi kuzisoma chumbani mle. Haiwezekani kwetu binti amsomee baba yake mambo hayo, na mimi katika blogu nilizipa riwaya hizo nafasi ndogo, chini kabisa, baada ya nyingine zote.

Tulipofikia sura ya mwisho ya upelelezi, mguu wa baba ulikuwa umeanza kugoma. Niliuona mchana ule akielekea dirishani: kisigino hakikugusa sakafu. Nikafunga kitabu.

"Mwisho nitausomea uani, Jumamosi ijayo," nikamwambia. "Baba akitaka kumjua muuaji atatoka."

Alinitazama kama mtu anayemtazama mwizi wa ng'ombe.

"Acha," akasema, akageukia ukuta.

Nilitoka uani kwa wachambuzi. Nilipowasimulia wenzangu nilichofanya, wifi alisema kwa unesi wake kwamba nimefanya vizuri, lakini mzee asipotoka nitakuwa nimemnyima hata kile kidogo alichobakiwa nacho. Ndilo hasa nililokuwa nikiliogopa. Shangazi akatupa fifi kwenye beseni.

"Huyo ni ningi. Hatoki kwa kuitwa. Kama mnataka kumtoa, mtoeni kwa mbina. Wewe utakaa upande ule na maiti wako. Huyu wa Tanga atakaa upande huu na wapenzi wake. Anzeni pamoja, tuone miguu ya watu inakwenda wapi."

Jumamosi iliyofuata majirani walikuja kutusaidia, maana pamba ilikuwa nyingi na wanunuzi walishaanza kupima. Tulitandika maturubai mawili: langu karibu na zizi, la wifi karibu na jiko. Yote mawili yalikuwa mbali na dirisha la baba, kiasi kwamba angeweza kusikia sauti lakini maneno yasimfikie. Tulisalimiana mwadila na kila aliyefika, kila mtu akachagua lundo lake la pamba. Shangazi akapiga beseni mgongoni kama ngoma.

"Haya!"

Wengi walianza upande wangu. Nilikuwa na kitabu mkononi, na sauti yangu ya redio, na mtu aliyekufa ndani ya stoo iliyofungwa. Wifi alikuwa na riwaya yake kwenye simu, lakini baada ya muda mfupi akaiweka simu mapajani na kusimulia kwa kichwa. Mshona nguo mjane anampenda dereva wa greda. Kambi ya barabara imepigwa kijijini kwao. Lakini barabara inakwenda mbele, na kila inaposogea dereva naye anasogea, akimjengea mpenzi wake njia nzuri ya kufika kwake na papo hapo akizidi kuwa mbali. Sikukusudia kusikiliza. Niliyasikia hayo katikati ya sentensi zangu.

Mama mmoja akainua beseni lake.

"Nakuja, nikaone tu kama dereva ameaga," akaniambia, akavuka ua. Hakurudi.

Akafuata mwingine. Kisha wawili pamoja, wakikokota gunia kati yao. Nilipandisha sauti. Nikamkaribisha mpelelezi ukumbini mapema kuliko kitabu kilivyotaka.

"Muuaji wako amekosa basi?" mtu akanipigia kelele kutoka jikoni.

"Ongeza maiti mwingine!" akasema shangazi, ambaye bado alikuwa kwangu, ingawa tayari alishakaa kiubavu kuelekea jikoni.

Ndipo mlango wa nyumba ukafunguka.

Baba alisimama kizingitini, fimbo mkono wa kushoto, shati limefungwa vifungo visivyolingana. Jua lilimpiga usoni akasita. Kila mtu alikuwa ameinua kichwa. Niliona bega lake likianza kurudi nyuma, kuelekea ndani.

"Msimtazame," shangazi akasema kwa meno yaliyobanwa. "Chambueni."

Vichwa vyote vikainama. Sijawahi kuona pamba ikichambuliwa kwa bidii ile. Ua mzima, watu wazima kwa watoto, macho kwenye pamba, safi huku, fifi kule, na katikati ya ukimya huo sauti mbili zikisoma riwaya. Maana sisi wawili hatukuthubutu kunyamaza. Mimi nilisoma mistari ileile mara mbili. Wifi alikuwa amefika pale ambapo mshona nguo anafunga duka lake, anavua viatu ili visiharibike, na kuanza kuitembea barabara mpya peke yake kumfuata mwanamume.

Fimbo iligusa ardhi. Mguu ukaburuta. Fimbo tena. Nilimwona kwa pembe ya jicho akifika katikati ya ua, kati ya maturubai mawili, akasimama. Ni mahali pale ambapo katika mbina mtu husimama akiwa hajaamua, na waimbaji wa pande zote mbili wanamwona, wanamwimbia yeye. Nilijua ananitaka mimi na muuaji wangu. Nilimngoja.

Akageukia jikoni.

Alikwenda hadi umbali ambao baba mkwe anaruhusiwa, akajiegemeza kwenye nguzo ya kibanda cha kuni. Wifi alijifunika khanga kichwani, akageuza uso, akabaki anautazama ukuta wa jiko. Akakatiza hadithi. Mshona nguo aliachwa barabarani.

"Rudi," baba akasema.

"Shangazi," wifi akauambia ukuta, "naomba umuulize baba nirudi wapi."

"Unauliza nini, wewe?" Shangazi alikuwa ameshasimama, beseni kiunoni, anavuka ua. "Alikuwa ndani, hakusikia hata neno. Rudi mwanzo!"

Wifi akarudi mwanzo. Akaanza upya kwa greda kuingia kijijini na vumbi lake, na watu wale wote waliokwisha kuyasikia hayo waliyasikiliza tena, hakuna aliyeguna. Mimi nimehakiki riwaya nyingi, na nimetumia neno "kugusa" hadi likachakaa. Nilikuwa nimesimama peke yangu kwenye turubai langu na kitabu kizuri mkononi, kimebakiza kurasa chache, na nilihisi ule uwanja wa utotoni ukiinama chini ya miguu yangu. Nikabeba beseni langu, nikavuka.

Baba hakukubali kigoda. Alisimama mpaka barabara ikafika mwisho wake. Yaliyotokea huko sitayaandika, kwa kuwa wapo wasomaji wa blogu ambao hawajaisoma riwaya ile. Watu walipoanza kuinuka kukung'uta pamba nguoni, alipita karibu nami, akasimama. Mdomo ulihangaika.

"Nani?"

Tangu palizi sikuwa nimelisikia neno hilo kwake. Nikamnong'oneza jina la muuaji sikioni. Alifikiri kidogo.

"Acha!" akasema, macho yakicheka.

Kisha akaelekea chumbani kwake. Hakukata katikati ya ua kama alivyokuja. Aliufuata ukingo, akapita zizini, akapita getini, njia ndefu.