Bei ya Saa ya Fundi Maige

Maige alipopunguzwa kazini, mwaka tisini na sita, alitoka getini na vitu viwili: kiinua mgongo kilichotosha kupandisha kuta za nyumba Igoma, na ujuzi wa kusuka upya nyaya za mota. Kwa miaka kumi na tisa alizisuka mota za kiwanda cha nguo pale Nyakato. Ukimkabidhi mota iliyoungua asubuhi, jioni inanguruma. Watu wakasema fundi wa namna hii halali njaa, na mwenyewe akaamini.

Tatizo ni kwamba hakuwahi kujipangia bei. Akachukua mshahara wake wa mwisho, akaugawanya kwa saa za mwezi, akaandika kibao kwa rangi nyeupe: SAA MOJA SH. 120. Alijiona mtu wa haki kweli kweli. Tena saa zenyewe alizihesabu kama kiwandani, tangu mkono ugusapo mota hadi uiachiapo. Kuzunguka mjini kutafuta waya wa shaba, kungoja vanishi ikauke, kwenda na kurudi kwa miguu, yote hayo hakuyatoza. Kiwandani, asiyesimama kwenye mashine alihesabiwa hayupo kazini.

Zadok, mwenzake waliyepunguzwa naye siku moja, alikisoma kibao akacheka mpaka akakohoa.

"Maige, una akili wewe? Hiyo bei ni ya mtu anayelala kota ya kiwanda, anatibiwa bure, mchana anakula kantini. Sasa hayo atakulipia nani?"

"Kota ninayo bado."

"Mpaka lini?"

"Tumeambiwa mwisho wa Desemba."

"Haya. Mimi natoza mia tatu, na saa yangu inaanza nikivuka mlango wa nyumbani."

Wivu huo, Maige aliwaza. Zadok alikuwa na wateja wanne tu, yeye wake walipanga foleni. Ndiyo, walipanga, kwa nini wasipange? Nani anakataa cha bwerere? Mteja wake mkubwa alikuwa Mihayo, msimamizi wa mitambo katika kiwanda cha minofu ya sangara kule ufukweni, na Mihayo alimsifu kila mahali.

Kule Igoma kuta zilisimama bila paa. Zilikuwa za tofali mbichi, na Rozina, mkewe, alizifunika juu kwa nyasi na magunia, akaweka mawe.

"Baba Malimi, mabati lini?"

"Mwezi ujao."

Alisema hivyo Julai, akasema hivyo Septemba. Alifanya kazi tangu alfajiri hadi usiku, vanishi ikamchoma kifua, na alichopata kikaishia kwenye unga na dawa za watoto. Oktoba waya ukaadimika mjini wiki nzima. Maige alikaa mbele ya kibao chake, mikono mitupu. Wiki ile hakuandika hata saa moja, lakini siku zote saba watoto walihitaji kula. Hapo ndipo alipomwelewa Zadok, akaogopa.

Akamfuata Mihayo.

"Bwana Mihayo, naomba tuifikirie upya ile bei. Iwe mia tatu."

"Fundi, kibao si umeandika mwenyewe? Ukipandisha, natafuta mwingine. Mji huu sasa umejaa mafundi waliopunguzwa."

Maige akarudi kazini. Alijichukia, lakini akarudi.

Mwanzoni mwa Desemba mvua ilinyesha siku mbili mfululizo. Magunia yalipeperuka, maji yakaingia kwenye tofali kutoka juu, na ukuta wa mbele ukalala chini na fremu yake ya mlango. Asubuhi yake mume na mke walisimama kwenye tope lililokuwa sebule yao. Walibakiza wiki tatu tu kuhama kota. Rozina alilia waziwazi. Moyoni Maige aliapa: sasa ni mia tatu, atakayenuna na anune.

Pikapu ikasimama barabarani. Mihayo akateremka mbio, viatu vikizama.

"Fundi! Mota ya mtambo wa barafu imeungua. Tani sita za samaki zitaoza. Twende!"

Halafu akauona ukuta.

"Pole sana. Bei ni ile ile, sivyo?"

Rozina akaacha kulia, akamtazama mumewe. Maige alifungua kinywa. Mia tatu ilikuwa pale pale ulimini. Akawaza kuhusu mafundi wengine, akawaza pikapu ikigeuza.

"Ile ile," akasema.

Akapanda gari. Rozina alishika jembe, akaanza kuzoa ukuta.