Panya Aliyelala Mzingani

Asubuhi ile ya mwezi wa saba haijanitoka, mwanangu. Nakuita mwanangu ingawa kichwani sina unywele mweupe hata mmoja. Nina mtoto wa miaka mitatu, na hiyo yanitosha.

Nilikuwa nimerudi nyumbani Endarasha, kwetu milimani, kutoka chuo kikuu, mwaka wa tatu wa biolojia, wala sikuamini kitu ambacho sikukipima mwenyewe. Nilibishana na kasisi, nilibishana na redio. Zaidi ya wote nilibishana na guka, babu yangu mzaa baba, aliyefuga nyuki katika mizinga ya magogo ukingoni mwa msitu. Guka alikuwa na sheria moja: miezi ya baridi mzinga haufunguliwi. Nilipomuuliza sababu, alisema baba yake hakuwa akifungua. Hiyo si sababu, nikajiambia. Basi asubuhi hiyo, ukungu umeshuka hadi mlangoni na yeye yuko zizini akikamua, nikapanda ngazi nikafungua mzinga wa mwisho.

Nyuki walikuwa wamehama. Ndani mlikuwa na kiota cha magome na manyoya, na kiotani panya wa mtini, yule mdogo wa kijivu mwenye mkia wa manyoya kama wa kindi. Alikuwa amejikunja, baridi kama jiwe la mtoni. Nilimgusa, hakutikisika. Nikamshusha kiganjani hadi zizini, kwa furaha ya mtu aliyeshinda kesi.

"Guka, mzinga wako umekuwa kaburi."

Hakuacha kukamua. "Ati amekufa? Umeuliza yeye?"

"Hapumui."

"Anapumua. Ngoja."

Tukangoja. Muda mrefu, nakwambia. Halafu mbavu zikainuka, mara moja tu, zikatulia tena.

"Huyo amefunika moto yake," akasema, akimtaja nyanya yangu, "vile cucu yako hufunika makaa na jivu. Rudisha yeye kwa mzinga."

Nilikuwa nimesoma kwamba wanyama wa nchi za theluji hulala hivyo msimu mzima, mioyo yao ikidunda polepole mno. Lakini hapa, karibu na ikweta? Nikamwambia guka huyu ni mgonjwa, anahitaji joto. Nikaenda zangu jikoni, nikamweka kando ya jiko.

Hapo ndipo nilipokosea. Baada ya muda alianza kutetemeka mwili mzima, akafumbua macho, akajaribu kutembea, akaanguka ubavu. Nilimshika nikahisi mifupa. Ndipo somo la darasani likanijia, kwa kuchelewa: mnyama anayeamka usingizi wa namna hiyo huchoma mafuta ya mwilini ili apate joto, na huyu hakuwa na mafuta ya kuchoma. Nilikuwa namuua kwa ubishi wangu.

Guka aliingia na ndoo ya maziwa akanikuta nalia. Aliniita bibi yake kwa mzaha, kwa kuwa nimepewa jina la mkewe.

"Bibi yangu, chuo ilikufundisha kuamsha wageni na hujapika?"

Nikacheka huku machozi yakitiririka. Aliponda ndizi mbivu, akachanganya na asali, akampaka panya mdomoni kwa ncha ya kidole. Akalamba. Akalamba tena. Jioni alikuwa anatembea bila kuanguka, tukamrudisha kiotani na kuufunga mzinga.

Wiki mbili nilimwekea ndizi na wadudu kwenye tundu la mzinga. Baridi ilikuwa ile ile, lakini kila asubuhi nilipoingiza kidole nilimkuta ana joto. Alipokuwa amenenepa nikaacha kumlisha. Siku ya tatu, kidole kikakuta baridi. Safari hii nilimwacha. Alasiri jua likapiga gogo, naye akaamka mwenyewe, akapanda tawini na kunitazama kama mpangaji asiyenitambua.

Nikamwambia guka: si baridi peke yake inayomlaza, ni baridi ikikutana na njaa.

"Sasa hiyo ni sababu," akasema. "Baba yangu hakuniambia hiyo."

Mwanangu, wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Methali hiyo bado naitilia shaka, maana siku ile guu lililokaribia kuvunjika halikuwa langu. Wewe uliza, kuuliza si ujinga. Mkubwa akikosa sababu, itafute, kisha umpelekee kwa heshima. Lakini kabla hujalijaribu jambo, tazama ni nani atakayeumia ukikosea. Akiwa si wewe, ngoja kwanza. Na aliyenyamaza usiharakishe kumwita mfu, awe mnyama au jirani yako. Huenda anajitunzia kidogo alicho nacho.

Mungu akupe maswali mengi na mkono mpole wa kuyashika. Na siku utakapokosea, akupe mtu wa kukuchekesha huku akiponda ndizi.