Harufu Shingoni mwa Tusajigwe

Leo asubuhi nimeunusa wizi wangu shingoni mwa mjukuu wangu.

Anitha amekuja hapa Ilomba na manukato mapya, ya mtindo wa zamani.
"Bibi, hebu ninuse. Wenzangu wanasema nanukia kibibi."

Nikanusa. Kwanza poda, halafu waridi, mwishoni kitu kama sabuni iliyosahauliwa kabatini.

Nikamwambia, "Mwalimu wetu wa Iringa alinukia hivi, miaka ya hamsini. Nilimwibia chupa."
"Bibi wewe! Mwizi?"
Alicheka. Hakucheka sana.

Bwenini, kwa baridi ile, nililala blanketi moja na Tusajigwe, binti wa Mbalizi. Jioni moja nilijipaka manukato yale kabla ya kulala.
Alfajiri ilikuwa zamu yangu ya kupika uji.

Kisha mwalimu, alipoikosa chupa yake, akatupanga mstari, akanusa shingo moja baada ya nyingine.
Yangu ilinuka moshi wa kuni.
Ya Tusajigwe ilinukia poda.

"Mwalimu, sijui imetoka wapi," alisema. Kweli hakujua.
Alirudishwa kwao siku hiyo hiyo. Mimi nilinyamaza, nikamaliza shule, nikawa mwalimu.

Daktari ameniambia sina miezi mingi. Ndiyo maana naandika kwenye simu, kwa kidole kimoja.

Kama bibi yako ni Tusajigwe wa Mbalizi, aliyefukuzwa shule kwa wizi wa manukato, msomee hii. Kama ametangulia, wasomee wanawe.

Hakuiba. Alinifunika tu kwa blanketi lake.