Nyasi za Banda la Zamani

Sogeza kigoda, mwanangu, tuongee kidogo. Nimekusikia tangu asubuhi ukigombana na hiyo kompyuta yako iliyobadilishiwa mfumo. Unasema wamekuharibia, wamehamisha kila kitu, bora ile ya zamani. Sitakucheka. Ipo siku moja hainitoki moyoni, na nikikusimulia utaona kwamba hasira yako niliivaa mimi kabla hujazaliwa.

Nilikuwa msichana, mchapaji katika shule ya sekondari huku kwetu Daudi. Mkoa wa Manyara ulikuwa bado mchanga, na kila ofisi ilitaka kompyuta. Ya kwetu niliizoea kama jiko la mama yangu. Ningeweza kufanya kazi nimefumba macho. Ndipo Ijumaa moja akaja fundi kutoka Babati, akaweka mfumo mpya, akaniambia kazi zangu zote zimo, akanywa chai, akawahi basi.

Wahenga walisema kipya kinyemi, ingawa kidonda. Mimi nilikiona kidonda tu. Sura ya kioo ilikuwa ngeni. Maandishi yalikuwa madogo, na sehemu niliyozoea kubonyeza ilikuwa na kitu kingine. Kila nilipogusa, kilitokea kidirisha kikiniuliza jambo kwa Kiingereza, nami nikajibu hapana, hapana, kama mtu anayefukuza kuku kwenye mahindi. Printa ikanyamaza. Na baya kuliko yote, mtihani wa kujipima wa kidato cha nne, ambao nilikuwa nimeuchapa kwa siku nyingi, sikuuona popote. Wanafunzi walitakiwa kuufanya Jumatatu. Kwa wengi wao hicho ndicho kilikuwa kipimo cha mwisho kabla ya mtihani wa taifa.

Mkuu wa shule, mtu mpole kutoka Tanga, alikuja kuulizia. Nikamwambia fundi aitwe arudishe mfumo wa zamani, tena nikamwongezea methali: mwacha mila ni mtumwa.

Akaitazama kompyuta, kisha akanitazama mimi. "Mila ya nani, Paskalina? Hii kompyuta yenyewe imekuja juzi."

Walimu waliokuwepo wakacheka. Leo nami ningecheka, lakini ujana una ngozi nyembamba. Niliweka ufunguo wa ofisi mezani, nikasema watafute mchapaji mwingine, nikaondoka.

Nyumbani nilimkuta baba amesimama mbele ya banda jipya la ng'ombe. Alikuwa ameezeka bati, maana la zamani lilivuja na mvua za huku unazijua. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia bila kugeuka. Ng'ombe walikuwa wamegoma kuingia. Mbele yao alikuwa jike mmoja mzee tuliyemwita Mwenyekiti, kwa sababu hakuna jambo lililoanza kabla yeye hajafika. Amekita miguu mlangoni, kichwa chini. Giza lilikuwa linakaribia, na fisi wa kule bondeni hawakuwa hadithi.

Nikaokota fimbo. Nadhani nilitaka kumchapa kwa makosa ya kompyuta.

"Weka chini," baba akasema. "Huyo hajakukosea kitu."

"Lakini baba, banda ni zuri. Anakataa nini?"

"Zuri kwako wewe. Wewe unaona bati. Yeye anatafuta mahali alipolala jana."

Akanituma kwenye banda la zamani nikalete nyasi za kulalia, zile zile zilizochanganyika na samadi. Nilizibeba kwa mikono, na sketi yangu ya ofisi ikapata habari zake. Baba alitandaza kidogo mlangoni, kidogo ndani, halafu akachuchumaa pembeni akangoja. Mwenyekiti alinusa. Akaweka mguu mmoja, akasita, akanusa tena. Mwenda pole hajikwai. Alipoingia, wenzake walimfuata kana kwamba wao ndio waliopanga iwe hivyo.

Tulipokuwa tukinawa nikamweleza yaliyonipata. Baba hakuwahi kugusa kompyuta maishani mwake. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza jambo moja tu.

"Na wewe uliingia humo na nyasi gani za zamani?"

Nikainama nikasugua samadi kwenye sketi.

"Uliingia na fimbo," akasema. "Kesho rudi, wale watoto wasikose mtihani kwa ajili ya hasira yako."

Kesho yake nilikwenda nyumbani kwa mkuu wa shule nimejikunyata. Alinipa ufunguo kabla sijamaliza salamu. Akasema alijua nitarudi, kwa kuwa nimeacha sweta kitini, na kwa baridi ya Daudi hakuna anayeacha kazi bila sweta.

Nikaketi mbele ya ile mashine, safari hii bila kuitafuta kazi kubwa. Nilijiuliza ni kitu gani najua kukifanya hata usingizini. Kuandika jina langu. Nikaliandika, nikalihifadhi, nikafunga. Kisha nikaenda kulitafuta, nione mfumo huu mpya unaweka vitu wapi. Nikalikuta, mwanangu, na ubavuni mwake kazi zangu zote za zamani zimelala, mtihani ukiwa katikati yao. Fundi hakunidanganya. Vile vidirisha navyo nikaanza kuvisoma polepole, kamusi pembeni. Kumbe kimoja kilikuwa kinaniuliza tangu jana kama nataka kiitambue printa, nami namjibu hapana mtu anayetaka kunisaidia. Jumatatu wanafunzi walikaa, karatasi zikiwa mezani.

Basi shika haya. Kitu kikihama hakijapotea. Muulize mwenye nyumba amekiweka wapi. Usijibu swali ambalo hujalisoma. Na usione haya kuwa mgeni, kwa maana mabadiliko hayataisha, na nitakapokuwa sipo yatakuja mengine. Hata Mwenyekiti aliingia mguu mmoja mmoja, na asubuhi alikuwa amelala humo kama aliyezaliwa humo.

Mungu akujalie mikono mitulivu na moyo usiochoka kujifunza, na kazi yako ikawafae watu.

Haya, iwashe. Andika jina lako, lihifadhi, funga. Sasa nenda ukalitafute.