Mazoezi ya Muhdhar ya Kushuka Kaburini

Kaka yangu Muhdhar alimwomba mchimba kaburi amwachie shimo tupu kwa dakika tano, ajaribu kushuka.

Watu wa kijiji chetu, Matondoni, wakasema basi, akili nayo imebaki Somalia pamoja na miguu.

Mimi nilicheka kuliko wote. Niite mjinga, nastahili.

Muhdhar alikuwa mwanajeshi huko Somalia. Bomu la kutegwa ardhini lilimchukua miguu yote miwili, juu ya magoti. Akarudi nyumbani, akakaa, akala, akanenepa. Kilo tisini na nne bila miguu, jamani!

Kisha mama akaanza kuugua moyo. Siku moja akatuita.

"Nikifa, Muhdhar ndiye atakayenipokea kaburini. Ndiye mwanangu mkubwa."

"Huyu tukimshusha, mama, tutamtoaje?" nikatania.



"Hujafa hujaumbika, Faiz," mama akasema.

Kuanzia hapo kaka hakukosa mazoezi. Kwa Bi Asmaa, mtaalamu wa viungo, kulikuwa na mashine ya pedali za kuzungusha kwa mikono. Nusu saa kila siku, jasho linamchuruzika, anahema, hapumziki.

Miezi minne baadaye nikaenda kushuhudia akipimwa. Mizani ikasema tisini na moja.

"Miezi minne, kilo tatu! Bro, si ungenyoa nywele tu?"

Bi Asmaa akanikata jicho. "Bwana Faiz, mafuta yametoka, misuli imeingia. Mizani haitofautishi. Mwangalie kiuno. Mwangalie mikono."

Sikuangalia. Nilikuwa na haraka ya kwenda kuwachekesha wenzangu barazani.

Wiki tatu baadaye jeneza likatoka nyumbani kwetu.

Hakuwa mama.

Alikuwa Aaliya wangu, binti yangu wa miaka saba. Homa ya siku mbili tu. Alhamisi alikuwa akiruka kamba, Jumamosi tunamsalia.

Makaburini wakaniita. "Faiz, njoo umpokee mwanao."

Nilipiga hatua moja tu. Nikakaa mchangani. Wakanishika makwapa wanisimamishe, wapi! Hata Bismillahi haikutoka.

Ndipo nikamwona kaka yangu akishika mbao zilizolazwa kando ya kaburi. Akajishusha kwa mikono, pole pole, mpaka chini.

"Nipeni mwana wetu," akasema.

Akampokea kifuani. Akamlaza kwa ubavu wa kulia, akamwelekeza kibla, akamfungua vifundo vya sanda. Kila kitu nilichopaswa kufanya mimi, baba yake.

Akapanda mwenyewe, akajivuta mchangani mpaka nilipokuwa.

"Amelala vizuri, Faiz," akaniambia.

Wallahi, sijawahi kuumia vile.

Ndugu yangu unayesoma, ukimwona mtu anajitesa kwa jambo usilolielewa, usimcheke. Huenda siku moja akakubebea msiba utakaokushinda.

Mama yu hai. Kila Ijumaa huniuliza mbona sijamtaka Muhdhar radhi.

Mimi huenda mpaka mlangoni kwa Bi Asmaa, nikamsikia kaka ndani anazungusha zile pedali, nikarudi nyumbani nikilia.